KICHWA KINACHOUMA BAADA YA CHANJO: DAWA YA KUTOJUA NI KUULIZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Goma! Ninakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, juu ya kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mungu ni kuulinda mwili aliotupa amana, na kuulinda ulimi usiseme lisilojulikana.

Ijumaa ya leo tuzungumze jambo linalosemwa Birere sokoni, Majengo barazani, na kwenye vijiwe vya wamotari: "Tangu nilipochomwa ile sindano, kichwa hakijaniacha." Wako waliosema hivyo baada ya chanjo ya Ebola mwaka 2019, wako waliosema baada ya chanjo ya Korona mwaka 2021, na wako waliosema baada ya chanjo ya mpox, iliyoanza kutolewa nchini kwetu hapa hapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Huyu anayelalamika ni ndugu yetu. Tumjibu nini? Mmoja anamwambia, "Ulijitakia, wamekutia sumu." Mwingine anamcheka, "Hayo ni mawazo yako tu." Wote wawili wamemdhulumu, kwa sababu wote wawili wamejibu bila kujua.

MTUME (S.A.W.) NAYE ALIUMWA KICHWA

Kwanza tujue kwamba maumivu ya kichwa si jambo dogo katika dini yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 196, Mwenyezi Mungu amempa ruhusa aliye katika ihramu, akiwa mgonjwa au ana udhia kichwani, anyoe nywele zake na atoe fidia. Angalia rehema hiyo: hukumu ya Hija, nguzo ya Uislamu, imelegezwa kwa ajili ya kichwa cha mja mmoja. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani akiwa katika ihramu kwa sababu ya maumivu aliyokuwa nayo. Na katika maradhi yake ya mwisho kichwa kilimuuma sana, akatoka kwa watu amekifunga kitambaa.

Basi mtu asione haya kusema kwamba anaumwa. Wala asiambiwe kwamba imani yake ni dhaifu. Muislamu anaposubiri maumivu hufutiwa madhambi, lakini kusubiri si kukataa matibabu. Mtume aliyetufundisha subira ndiye aliyetuamrisha tutafute dawa.

KISA CHA MTU ALIYEJERUHIWA KICHWANI

Sasa sikilizeni kisa alichokipokea Jabir (r.a.), nacho kimo katika Sunan ya Abu Dawud. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama dini inamruhusu kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, maadamu maji anayapata. Yule mtu akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kwamba wao ndio waliomuua. Akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Ndugu zangu, zingatieni. Wale hawakuwa maadui zake. Walikuwa rafiki zake, watu wa swala na saumu, na walitaka twahara yake itimie. Hawakumpiga fimbo wala hawakumnyima chakula. Walitoa jibu tu. Lakini jibu la mtu asiyejua, likipewa mgonjwa wa kichwa, lilitosha kumuua. Na sisi leo tunatoa majibu mangapi kwa wagonjwa wetu kabla ya chai ya asubuhi?

WANAOJUA WANASEMA NINI?

Waganga waliosomea jambo hili hawakatai kwamba chanjo inaweza kuumiza kichwa. Wanalisema wazi. Chanjo ya Ebola iliyotumika kwetu katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015. Katika watu 5,837 waliochanjwa huko, 3,149, yaani zaidi kidogo ya nusu, walisema walipatwa na jambo fulani katika siku 14 za mwanzo, na lililoongoza ni maumivu ya kichwa. Baada yake ukaja uchovu, kisha maumivu ya misuli. Mengi ya malalamiko hayo yalikuwa mepesi na yakapita. Chanjo ya mpox nayo, na zile za Korona, kichwa kuuma ni katika mambo yanayotajwa mara nyingi kabisa.

Sababu yake ni hii. Chanjo inauonyesha mwili sura ya adui ili ujifunze kupigana naye. Askari wa mwili wanapoamka, hutuma ujumbe kwa njia ya damu, na ujumbe huo ndio unaoleta homa, baridi, uchovu na kichwa kugonga. Ile ya Ebola imebeba kipande kimoja tu cha kirusi cha Ebola, nayo haiwezi kumpa mtu ugonjwa wa Ebola. Kwa hiyo kichwa kinachouma siku ya kwanza, ya pili au ya tatu baada ya sindano, kwa kawaida ni kelele za mafunzo hayo. Mtu apumzike, anywe maji ya kutosha, na mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, akiacha saa sita baina ya mara na mara, asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Mwenye maradhi ya ini aulize kwanza.

Maumivu hayo kwa desturi huisha ndani ya siku chache, na wiki ikipita yamekwisha. Sasa yakivuka wiki? Hapa ndipo penye mada yetu. Yakivuka wiki, usiseme tena "ni chanjo" ukakaa nyumbani, na usiseme "si chanjo" ukanyamaza. Nenda ukapimwe.

JINA LA CHANJO LISIFUNIKE UGONJWA MWINGINE

Kumbukeni mwezi wa Julai 2019. Tarehe 14 mwezi huo ulithibitishwa ugonjwa wa Ebola kwa mara ya kwanza katika mji wetu, kwa msafiri aliyekuja na basi kutoka Butembo. Tarehe 17 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya dunia nzima. Watu waliokutana na wagonjwa wakachanjwa. Ebola yenyewe huanza na homa, uchovu na kichwa kuuma, kama vile vile chanjo inavyofanya. Na chanjo ile huhitaji kama siku kumi ili kinga yake isimame. Basi aliyekuwa amekwisha kuambukizwa kabla ya sindano, kichwa chake kilipouma, angewezaje kujua kwa kukaa nyumbani kama ni sindano au ni ugonjwa? Hakuna ajuaye kwa kutazama. Ni kipimo cha damu peke yake kinachotenganisha. Ndiyo maana waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, na ndiyo maana aliyejificha alijidhulumu yeye na watu wa nyumba yake. Katika mji huu huu, mke na mtoto wa mgonjwa wa pili walifikishwa mapema kwenye matibabu, wakapona, wakatoka mwezi wa Agosti 2019. Mlipuko ule mpaka unatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287.

Leo pia liko hilo hilo. Goma ina sababu nyingi za kichwa kuuma, nazo hazingoji ruhusa ya chanjo:

1. Malaria, tunayoiita palu, na homa ya tumbo. Mtu anachanjwa Jumatatu, mbu alikwisha kumuuma wiki mbili zilizopita. Na kwinini yenyewe huleta mlio masikioni na kichwa kuuma, hata mgonjwa akadhani hajapona.

2. Shinikizo la damu, tunaloliita presha. Wengi wetu tunayo na hatujawahi kupimwa. Na mama mjamzito kichwa kikimuuma sana katika miezi ya mwisho, akaona ukungu machoni au akavimba uso na mikono, hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto. Asingoje asubuhi.

3. Moshi wa makala. Mbabula ikiingizwa chumbani usiku na mlango ukafungwa kwa ajili ya baridi, hutoka hewa isiyo na harufu inayoua. Ikiwa nyumba nzima mnaamka na vichwa vizito, na vikipoa mkitoka nje, msiilaumu sindano. Toeni mbabula nje. Jenereta iliyo karibu na dirisha ni vivyo hivyo.

4. Dawa ya kichwa yenyewe. Jambo hili wengi hawalijui. Anayemeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa muda wa miezi mitatu na kuendelea, dawa hiyo hiyo hugeuka ikawa ndiyo inayoleta maumivu ya kila siku. Zile zenye mchanganyiko, siku kumi kwa mwezi zinatosha kuleta balaa hilo. Mtu alianza kumeza kwa ajili ya chanjo, chanjo imekwisha zamani, amebaki mfungwa wa vidonge. Naye hutibiwa kwa kuviacha, chini ya uangalizi wa mganga.

5. Hofu na kukosa usingizi. Mji huu umeona lava ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, na umeona vita vya Januari 2025. Aliyekimbia na watoto mgongoni, akalala mchanga wa volkano, akazika watu wake, kichwa chake kikiuma hasemi uongo. Maumivu yake ni ya kweli, na dawa yake haiuzwi na kila farmasia. Anahitaji kusikilizwa, kulala, na kusaidiwa mzigo wa nyumba.

Haya yote yanaweza kuanza katika wiki ile ile mtu aliyochanjwa. Kitu kufuata kingine si ushahidi kwamba kile cha kwanza ndicho kilichokizaa. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si yeye anayelichomoza.

LAKINI TUSIMDANGANYE MTU

Ndugu zangu, haki ina pande mbili. Tukisema tu kwamba chanjo haina neno lolote, tutakuwa tumesema lisilo kweli, na mwenye kuumia atatupoteza imani. Mwaka 2021 ilionekana kwamba ile chanjo ya Korona ya AstraZeneca iliwaletea watu wachache sana, huko Ulaya mmoja hadi wawili katika kila 100,000, ugonjwa wa kuganda kwa damu. Dalili yake kubwa ilikuwa nini? Kichwa kuuma vikali, kikianza au kikizidi baada ya siku kama nne mpaka wiki nne, bila kukubali dawa. Waliokwenda hospitali mapema walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo hiyo mwezi wa Machi 2021, ikaahirisha kwanza, ikaanza tarehe 19 Aprili, na sehemu kubwa ikarudishwa ikapewa nchi nyingine. Mwaka 2024 kampuni yenyewe ikaanza kuiondoa sokoni.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba lile tatizo halikugunduliwa na mnong'ono wa barazani. Liligunduliwa kwa sababu wagonjwa walikwenda wakasema, waganga wakaandika, na wenye elimu wakakusanya na kupima. Mnong'ono haukumponya mtu. Ushahidi uliotolewa mahali pake ndio uliowalinda waliokuja nyuma. Kwa hiyo ewe unayeumwa baada ya chanjo, kwenda kwako kituo cha afya na kadi yako ya chanjo mkononi si kuomba msaada tu. Ni kutoa shahada. Na Muislamu haruhusiwi kuficha shahada.

DALILI ZISIZONGOJA

Akiwa amechanjwa au hajachanjwa, mtu huyu apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, hata kwa pikipiki ya kukopa:

- kichwa kimempiga ghafla kwa nguvu ambayo hajawahi kuijua;
- kichwa kinauma pamoja na homa na shingo kukakamaa, hawezi kuinamisha kidevu kifuani;
- anaona ukungu au vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, mkono au mguu mmoja umelegea;
- ameanguka kifafa, au amechanganyikiwa, au haamki vizuri;
- anatapika bila kukoma, au ametokwa na madoa mekundu au vilio vya damu chini ya ngozi;
- mtoto mchanga amekataa kunyonya na utosi umevimba.

Na kichwa kisicho na dalili hizo lakini kimevuka wiki, au kila siku kinazidi, huyo naye aende kupimwa, mchana, kwa utulivu. Amweleze mganga siku ya chanjo, jina la chanjo, siku maumivu yalipoanza, na dawa zote alizomeza, pamoja na miti shamba. Wauguzi wetu wana fomu ya mambo yanayotokea baada ya chanjo, wanayaita MAPI kwa kifupi cha Kifaransa. Omba waijaze. Ni haki yako.

Wala usichomwe sindano na mtu wa kibanda asiyejulikana kwa uganga. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kujifanya mganga na hajulikani kwa elimu hiyo, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta.

ULIMI NA WATOTO WETU

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuchunguza habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Angalieni majuto hayo yanavyokuja. Baba anaumwa kichwa miezi miwili. Hakupimwa. Akasema ni chanjo. Akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayechanjwa tena chochote. Surua ikapita mtaani. Katika nchi yetu, kuanzia 2019 mpaka mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, walio wengi watoto wadogo. Wakati huo huo sote tulikuwa tukitazama Ebola, na surua ikaua wengi kuiliko. Huenda kichwa cha baba yule kilikuwa presha tu, ya kupimwa kwa dakika tano. Jibu alilojipa bila kuuliza, amelilipa mtoto asiye na kosa.

Nanyi ndugu zetu wauguzi na waganga mnaoswali nasi, hadithi ya Jabir inakuhusuni pia. Mgonjwa anapokuja na kusema "ni ile sindano," msimfokee wala msimcheke. Mkimcheka leo, kesho atakwenda kwa mtu wa kibanda. Msikilizeni, mpimeni, kisha mwambieni mliyoyaona. Na msilolijua semeni hamlijui, mkamwelekeze kwa anayejua zaidi. Hiyo ndiyo elimu.

Na wewe unayeumwa, swala isikukatishe tamaa. Ukishindwa kusimama, swali umekaa. Ukishindwa kusujudu kwa sababu ya kichwa, inama kwa kadiri ya uwezo wako. Ukiwa katika saumu na ugonjwa umekuzidi, fungua, ukalipe siku nyingine. Mwenyezi Mungu hakutaka kukuadhibu kwa ibada yake.

TUFANYE NINI TUKITOKA MSIKITINI?

Kwanza, kila mmoja amtazame aliye upande wake wa kulia na wa kushoto. Kama yuko anayelalamika kichwa kwa wiki na zaidi, usimpe jibu. Mpe safari. Mwambie, "Ndugu, twende pamoja tukapime." Pili, asiye na pesa ya kipimo asibaki nyumbani kwa aibu. Sanduku la sadaka la msikiti si la taa na mikeka peke yake, naye amwone imamu bila kusubiri Ijumaa nyingine. Tatu, kadi za chanjo za watoto na za wakubwa ziwekwe mahali pamoja nyumbani, kavu, zisipotee tukihama. Nne, akina mama ambao hawakuhudhuria leo wasomewe karatasi hii, maana wao ndio wa kwanza kujua nani nyumbani hakulala usiku.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, waliotamka na walionyamaza. Wape waganga wetu ujuzi na upole. Zilinde ndimi zetu zisiwe sababu ya kifo cha ndugu zetu. Uhurumie mji wetu wa Goma, ardhi yake, ziwa lake na mlima wake, uwarehemu waliotutangulia, na utujaalie amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako, na asiyejua kusoma msomee.